Makala Uliyoipenda Mtandaoni: Namna ya Kuituma Mpaka Isomwe

Kundi letu la ukoo lina watu 43. Kuna kipindi linki zilikuwa zinamiminika humo tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, na hakuna aliyefungua hata moja. Huyu anabandika yake, yule anabandika juu yake, wa tatu anaweka dole gumba na kupita. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nina kibanda cha stesheneri Buzuruga, Mwanza, natoa nakala na kuchapa barua, na mchana wateja wakipungua huwa nasoma: habari za wanyama, za sayansi, za vituko vya historia. Nikikuta kitu kizuri roho haitulii mpaka na mwingine akijue. Kwa hiyo ilikuwa inaniuma kuona jambo lililonifurahisha vile linapita kwenye kundi kama mvua iliyonyeshea ziwani.

Siku moja nilimpigia simu shangazi yangu anayeuza samaki kwenye soko la Mwaloni Kirumba, nikamsimulia kwa mdomo habari niliyokuwa nimeituma asubuhi ileile. Alicheka hadi akaniomba nimsubiri ahudumie mteja kwanza. Habari haikuwa na kasoro yoyote, ila ilikuwa haijafikishwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nafuata hatua hizi, na sasa nikikaa wiki nzima kimya watu wananiuliza kulikoni.

Hatua ya 1: Isome yote, mpaka mstari wa mwisho

Hii naiweka mwanzo kwa sababu imenigharimu. Nilikuta makala inayosema vita fupi kuliko zote zilizoandikwa katika historia ilipiganwa Zanzibar, dakika 38 tu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Hakuondoka. Dakika mbili baada ya saa 3 meli zao zikaanza kupiga mizinga, na kabla saa 4 haijafika mambo yalikuwa yamekwisha.

Nilisoma aya tatu za juu, nikacheka, nikaituma kwenye kundi na vikatuni vitatu vya kicheko. Mume wa dada yangu ni mtu wa Unguja. Aliandika: "Shemeji, umeisoma mpaka chini?" Nikarudi kuisoma. Chini kabisa imeandikwa kwamba upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa asubuhi ile, na upande wa Waingereza aliyeumia ni baharia mmoja. Nilimpigia shemeji kumwomba radhi, halafu nikaandika kwenye kundi kwamba nimetuma vibaya.

Makala ile bado naipenda na bado naituma. Lakini naituma kwa watu wanaofundisha au wanaopenda historia, idadi ya waliouawa au kujeruhiwa naitaja mwenyewe kwenye maneno ya juu, na kicheko siweki. Kichwa cha habari kinatungwa ili ubonyeze, na aya ya kwanza inaandikwa ili uendelee. Uzito wa jambo mara nyingi umekaa huko chini, watu wengi wasikofika. Ukiona huna muda wa kuimaliza, basi muda wa kuituma nao bado.

Hatua ya 2: Iweke akiba papo hapo

Usiiache ndani ya kivinjari pamoja na kurasa nyingine thelathini. WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe, kwa hiyo fungua mazungumzo na namba yako na ubandike linki humo. Chini yake andika maneno matatu ya kukukumbusha, kwa mfano "ndege, Australia, mjomba". Bila maneno hayo, baada ya wiki mbili utakuta safu ya linki usizojua ni za nini.

Ukiwa mahali penye Wi-Fi, pakua ukurasa wenyewe ili uweze kuusoma bila bando. Kwenye Chrome ni zile nukta tatu za juu, kisha alama ya mshale unaoshuka.

Hatua ya 3: Hakikisha ni kweli, na kama ni utani, ujue kwamba ni utani

Kuna picha ilizunguka sana kwenye makundi ya huku kwetu: wanaume wamejipanga nyuma ya samaki mkubwa kama mtumbwi mdogo, na maneno yanasema sangara wa ajabu kavuliwa Ukerewe. Mimi nilishaanza kuandika maneno ya kuisindikiza. Bahati nzuri nilimwonyesha shangazi kwanza. Aliivuta ile picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaitazama kwa muda, akasema: "Mama, huyu ngozi yake laini kama ya kambale. Magamba yako wapi? Na ile miiba ya mgongoni iko wapi?" Nikaitazama upya. Kweli, hata gamba moja halikuwepo.

Nikaitafuta kwa Google: unabonyeza picha bila kuachia, unachagua kutafuta kwa picha, kisha unaangalia ilitokea wapi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya mwaka 2005, kaskazini mwa Thailand kwenye Mto Mekong, na samaki mwenyewe ni jamii ya kambale mwenye kilo 293. Sangara mkubwa kabisa hufika kama kilo 200. Kwa hiyo hata uzito peke yake ungetosha kunishtua, kama ningekuwa najua.

Toka hapo nina mambo manne ninayoangalia. Nani ameandika, na ana jina au amejificha. Tarehe, kwa sababu habari ya miaka kumi iliyopita hurudi ikiwa imevaa nguo mpya. Chanzo cha pili ambacho hakikunakili cha kwanza. Ukikuta tovuti tano zina sentensi zilezile, hicho ni chanzo kimoja. La nne ni kumwuliza anayekijua kitu chenyewe kwa mikono yake, na hili naliamini kuliko yote. Mambo ya samaki namwuliza muuza samaki, mambo ya injini namwuliza fundi. Hapa Mwanza hakuna mtu anayekaa mbali na mtu wa namna hiyo.

Utani nao una hatari yake. Tarehe 1 Aprili 1957 BBC ilionyesha kwenye televisheni familia moja ya Uswisi ikivuna tambi kutoka kwenye miti, na baadhi ya watazamaji wakapiga simu kuuliza mti huo unapandwaje. Mwaka 2012 The Onion, chombo cha Marekani kinachobuni habari ili kuchekesha, kiliandika kwamba Kim Jong-un ndiye mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani. Tovuti ya gazeti la People's Daily la China ikaichukua kama habari ya kweli na kuiwekea msururu wa picha. Kama waandishi wa gazeti kubwa walipitiwa, mama yako Nansio naye atapitiwa. Ukituma habari ya kubuni, sema kwenye mstari wa kwanza kabisa kwamba ni ya kubuni. Itachekesha vilevile.

Angalia pia alama ya mishale miwili kwenye WhatsApp. Maana yake ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaupeleka sehemu moja tu kwa wakati. Ukiuona, usiupeleke kama ulivyo. Tafuta makala yenyewe ilikotoka, usome huko. Na ikumbuke Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: anayesambaza habari huku akijua ni ya uongo, kwa nia ya kuchafua, kutisha au kupotosha, anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, au vyote viwili.

Hatua ya 4: Mtafute mwenyewe

Kila makala ina mwenyewe. Kabla sijaituma hujiuliza ni nani, kati ya watu ninaowajua, atakayeishika hii kwa mikono miwili. Nikikosa jina, naiacha akiba mpaka jina lije.

Jirani yangu hapa Buzuruga anauza juisi na barafu za mifuko. Nilipokutana na habari ya Erasto Mpemba nilijua moja kwa moja ni ya kwake. Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari, na nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Mpemba hakusubiri mchanganyiko wake upoe, akauingiza ukiwa wa moto. Ukaganda kabla ya wa mwenzake, ambaye maziwa yake hakuyachemsha. Aliuliza darasani, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi Dar akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Jirani aliisoma usiku, akajaribu usiku uleule. Asubuhi alikuja kibandani na mifuko miwili mkononi, mmoja umeganda mwamba, mwingine ukicheza maji katikati. "Dada, huyu wa maji baridi ndiye aliyetangulia. Huyo Mpemba wako alitumia friji gani?" Tukaisoma tena pamoja, mimi nikiwa nimesimamisha mashine ya nakala. Kumbe alitumia maziwa yenye sukari, na wanasayansi wenyewe mpaka leo wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa sababu gani. Akarudia na maziwa. Safari hii mifuko ilikaribiana kiasi kwamba tulishindwa kuamua. Makala moja, mtu mmoja, siku tatu za mazungumzo. Ningeitupa kwenye kundi la watu 43 ingepata dole gumba.

Mjomba wangu analima mpunga Magu, na kila msimu anahangaika na kwelea kwelea. Yeye nilimtunzia habari ya jeshi la Australia, nitaieleza hapo chini. Dada yangu ni mwalimu wa darasa la tano, na habari za panya buku wa Morogoro waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini zilimfaa kuliko mtu yeyote. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, akavishwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Watoto wa darasa lake walimchora ubaoni akiwa na nishani shingoni.

Hatua ya 5: Andika maneno yako kwanza, ndipo linki

Linki tupu haina harufu. Mtu aliyetoka kazini na bando la kubana hawezi kujua ndani kuna nini, na "angalia hii" haimsaidii. Nilichomwandikia mjomba kilikuwa hivi:

"Mjomba, shikamoo. Mwaka 1932 huko Australia wakulima wa ngano walivamiwa na maelfu ya ndege wanaoitwa emu, wanafanana na mbuni. Serikali ikapeleka askari wenye bunduki mbili za rashasha na risasi 10,000. Nimekuwaza wewe na kwelea wako. Ni ya Kiingereza, haizidi dakika tano, picha zipo tatu. Ukipenda jioni nitakupigia nikusimulie."

Humo nimemwambia ni lini na wapi, kwa nini nimemkumbuka yeye, lugha gani, urefu gani, na kwamba picha hazitamla bando. Ambacho sikumwambia ni nani alishinda. Hapo ndipo penye utamu, na ukipamwaga mwenyewe hakuna atakayefungua. Mjomba hakusubiri jioni, alipiga yeye. (Ndege walishinda. Walikuwa wanatawanyika makundi makundi kila risasi zilipolia, na askari wakarudishwa.)

Maneno yako yasizidi mistari mitano. Na kama kuna jambo ndani ya makala ambalo wewe hukubaliani nalo, liseme. Watu huniamini zaidi tangu nianze kuandika "mwisho wake haukuniridhisha".

Hatua ya 6: Ya Kiingereza, isimulie kwa Kiswahili

Nyingi ya makala hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi ninaotaka wazisome hawakijui au hawakipendi. Mashine ya kutafsiri inasaidia kuelewa, lakini usitume ilichokitoa kabla hujakisoma. Jina la Kiingereza la sangara lina maana nyingine pia, kijiti anachotua ndege, na mimi nimewahi kuona sangara wa ziwa letu wakiitwa vijiti kwa aya nzima. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, kwa hiyo angalia kwanza kama habari ipo huko.

Isipokuwepo, rekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Anza na mahali na mwaka, kisha mtu, kisha kilichotokea, na jambo la ajabu libaki la mwisho. Majina yataje kama yalivyo. Mwisho sema umeacha nini: "kuna sehemu ya hesabu nimeiruka". Kwa mama yangu, ambaye Kisukuma ndicho kinachomfurahisha, naanza na salamu ya mwangaluka na kumaliza kwa Kisukuma, na habari ileile inakuwa nyingine kabisa.

Hatua ya 7: Isafishe linki

Linki ndefu mara nyingi imebeba mkia wa kukufuatilia. Tazama alama ya kuuliza katikati yake. Kinachofuata kikianza na herufi kama utm au fbclid, futa kuanzia alama hiyo hadi mwisho, kisha ifungue mwenyewe kuona kama bado inafanya kazi. Kwenye YouTube usifute ovyo, maana herufi zinazofuata v= ndizo zinazotaja video.

Ikiwa ni kipande kifupi, picha ya skrini inatosha, ila jina la chombo na tarehe vionekane ndani ya picha. Usinakili makala nzima ya mtu na kuibandika kama ujumbe. Aliyeiandika ana haki yake, na msomaji akitaka kuhakiki hana pa kurudi.

Hatua ya 8: Wasio na simu janja, wapelekee karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Kaka yangu ana mtumbwi Igombe. Wenzake wengi wanatumia vitochi, na simu janja ya mmoja ikija mwaloni inazungukwa na watu wanane huku jua likiifanya kioo. Kwa hiyo nachapa. Ukurasa mmoja, herufi za ukubwa wa 16, Kiswahili changu mwenyewe, na chini kabisa jina la mwandishi, chombo na tarehe.

Jumapili moja niliwapelekea habari ya mabondo, vile vifuko vya hewa vilivyo ndani ya samaki. Kila mvuvi anajua bondo la sangara lina bei kuliko nyama yake, na kwamba yanakwenda China kupikwa supu. Wengi hawakujua kwamba Ulaya, kwa miaka mingi, kifuko hichohicho cha hewa cha samaki kimekuwa kikikaushwa na kutumika kusafishia bia na mvinyo. Hapo awali walitumia cha samaki wa Urusi anayeitwa sturgeon, baadaye na vya samaki wengine, sangara akiwemo. Kinalowekwa mpaka kiwe kama ute, kinatiwa ndani ya pipa, ule ute unaikusanya hamira iliyobaki na kuizamisha chini. Bia inabaki angavu.

Sikusoma mimi. Karatasi nilimpa kijana mdogo kuliko wote, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wengine wakiendelea kushona nyavu. Kanuni yangu ni hiyo: asome mwenzao, na asimamishwe wakati wowote. Alisimamishwa mara nyingi. "Rudia hapo pa bia." Akarudia. "Kwa hiyo bondo linabaki ndani ya bia au linatolewa?" Akatafuta kwa kidole mpaka akapaona: huzama chini pamoja na hamira.

Mzee mmoja aliinuka bila kusema neno, akaenda kwenye ndoo, akarudi na sangara wa kilo tatu hivi. Akampasua, akaingiza vidole viwili kando ya uti wa mgongo na kulivua bondo taratibu, kama mtu anayevua soksi ya mtoto aliyelala. Lilitoka zima, jeupe, linateleza. Akalinyanyua usawa wa jua, na mwanga ukapita. "Ona. Likitoboka hata kidogo, bei imekufa. Makala yako imesema hilo?" Haikusema. Nikaandika kwa kalamu pembeni ya karatasi, na nakala iliyokwenda kwa shangazi Kirumba ilikuwa na maneno ya yule mzee ndani yake.

Gharama ni karatasi moja na wino kidogo. Ukienda na makala kwa watu wanaofanya kazi yenyewe, nenda na kalamu.

Hatua ya 9: Angalia saa, na angalia mwezi

Kila mtu ana saa yake. Wauza samaki usiwatumie kitu alfajiri, hiyo ni saa ya mnada. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, kwa kuwa taa zao ndizo zinazowavuta dagaa, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika. Makala ndefu za kaka naziweka mpaka mwezi upevuke. Siku hizo ana muda, na amelala vya kutosha.

Kwenye kundi, moja kwa wiki inatosha. Ukiwapo msiba, nyamaza kabisa mpaka matanga yaanuliwe, hata kama uliyonayo ni nzuri namna gani. Kabla ya kubonyeza, panda juu usome ujumbe kumi za mwisho. Huenda kuna mtu ametoka kuomba damu ya mgonjwa wake hospitali ya Bugando, na habari ya tambi za mtini ikaangukia chini ya maneno yake.

Hatua ya 10: Ukikosea, rekebisha palepale

WhatsApp inakupa siku mbili na ushee kufuta ujumbe kwa wote. Futa, lakini usiishie hapo, maana walioshaisoma wamebaki na uongo kichwani. Andika mahali palepale: "Ile habari ya jana haikuwa sahihi, ukweli ni huu." Usimfuate mmoja mmoja pembeni. Na kama ni mwingine aliyekosea, kinyume chake: mfuate pembeni, kwa heshima, hasa akiwa mkubwa wako. "Baba mkubwa, shikamoo, ile picha ya jana nimeitafuta nikaona ni ya zamani" inatosha, na yeye mwenyewe atairekebisha.

Hatua ya 11: Wakikujibu, usiwatumie nyingine

Mtu akirudi na swali, kosa kubwa ni kumtumia makala ya pili kabla ya kulijibu. Acha zilizobaki kwenye akiba. Akikutumia yake, isome mpaka mwisho kama unavyotaka ya kwako isomwe, halafu mwambie kipande kilichokugusa.

Shangazi, baada ya kuambiwa kwamba yule samaki wa picha ni wa Mekong, alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akatuma ujumbe wa sauti, nyuma yake zikisikika kelele za mwaloni: "Mama, nimemwaza yule samaki. Kilo 293. Walimfanyaje?" Niliacha kazi ya kuchapa kadi za harusi nikakaa kutafuta. Nikakuta kwamba maofisa wa uvuvi walitaka arudishwe mtoni akiwa hai, kwa kuwa jamii yake inatoweka, lakini alikufa kabla, na wanakijiji wakagawana nyama. Nikamsimulia yote, pamoja na jina la mto na nchi.

Jibu lake lilikuwa la sekunde nne. "Maskini. Hata mimi nisingeacha aoze."